Makartoni Yangu Yalikimbiza Batu ba Beu

Barafiki, mucheke kama munataka, mais mucheke polepole, juu hata sasa nikipita pa soko ya Beu, kule Beni, ninafunikaka uso na kitambaa.

Miye kazi yangu ni kutengeneza video za kuchora, zile picha zinatembea na kusema kama batu, ninazitengenezea ku nyumba kwetu Bulengera, mu Butembo. Mama Kavira, chef, mukubwa wa mafunzo mu depo moja ya dawa kule Beni, aliniomba moja ya kuonyesha namna nzuri ya kufundisha bafanyakazi bapya, maana bafundishaji bake (alinielezea na sauti ya kuchoka) balikuwa banasimama mbele ya ubao na kusema, kusema, mpaka batu banalala. Donc nikachora bafundishaji babili: mumoja anahubiri tu, mwingine anaachilia bafanyakazi babebe makartoni ya dawa na mikono yabo. Bafanyakazi ba yule mwenye kuhubiri banapanga vibaya, na makartoni yote yanaanguka.

Pale njo nilijiharibia. Sauti ya kuanguka ilikuwa kidogo sana, pu, kama mutu anatupa mto. Nikatafuta ingine ya nguvu, tra! tra! tra-tra! nikaisikiliza na écouteurs ku masikio, na (kichwa yangu ilikuwa wapi?) nikasema hii itaamsha bale benye kusinzia.

Ilibaamsha.

Tulikuwa tunaionyesha mu salle moja ya mikutano ya Beu, saa ya asubui, bafanyakazi bamejaa, madirisha wazi juu ya joto, na mabafle makubwa ya kutoa sauti tuliazima ku kanisa ya jirani. Makartoni yakaanguka. Mbele nielewe, batu bote balikuwa chini, tumbo ku sakafu ya simenti, mikono ku kichwa, kimya kabisa, hata mama mumoja wa mimba alikuwa amelala kwa ubavu, na Mama Kavira akanivuta na sketi mpaka nikaanguka karibu yake. Na miye, mwenye kutia ile sauti na vidole vyangu, nikamuuliza mu masikio: "Banapigia bunduki wapi?"

Kiisha muziki ya video ikaanza, ile ya furaha, na pale njo nikaelewa: ni makartoni yangu.

Mais inje batu ba soko balikuwa bamekwisha kukimbia. Bamama baliacha nyanya na samaki ku meza, mamoto, zile pikipiki, yanakimbia, milango inafungwa, na basoda bakaingia mu salle na bunduki.

"Nani alipiga masasi?"

"Ni makartoni, chef."

"Makartoni gani?"

"Ya... ya kuchora."

Mukubwa wabo akaniomba nirudilie ile video, sauti chini. Akaangalia mpaka mwisho, mikono imefungwa ku kifua. Hakucheka. "Nenda uite batu barudi," akasema.

Donc miye na Mama Kavira juu ya moto moja, njia ya Mavivi, tunapiga kelele kama benye kuuza dawa ya panya: "Rudini! Ilikuwa video!" Batu benye kukimbia balikuwa na magodoro ku kichwa, mabido ya maji ku mikono, batoto ku mugongo. Papa mumoja akasimamisha kinga, baiskeli yake. "Video ya nini?" "Ya mafunzo ya kazi, papa." Akageuza kinga na kurudi kwake. Afazali angenitukana.

Mama Kavira akasema, bila kunigeukia: "Uliona namna balilala chini? Hata mumoja hakuchelewa. Na hapana mutu alibachorea video."

Mbele kidogo, mama muzee mumoja alikuwa ameikala juu ya godoro yake kando ya njia, bido pembeni. Nikamuambia hapana vita, mama, turudi. "Nimesikia, binti yangu," akasema. "Nguvu ya kukimbia nilikuwa nayo. Ya kurudia, hapana."

Tukashuka ku moto na kuiacha pale, nikatia godoro yake ku kichwa yangu, Mama Kavira akakamata bido, na tukatembea mwendo wake, polepole, jua inatupiga, mpaka tukapita katikati ya soko, kwenye batu balianza kuokota nyanya na kuniita "Mama Kartoni!"

Ku mulango yake mama muzee hakunishukuru. Alisema tu: "Ukitengeneza ingine, iwe ya kimya."

Nilimuapia. Na tangu ile siku, hapana kitu kinaanguka mu video zangu: makartoni, bilauri, mutoto anajikwaa, hata mvua, vyote vinabakia yulu, hewani.