Video Iliyokatwa Katikati

Luhende alikuwa mwalimu kijana wa stadi za mawasiliano katika chuo kimoja Mwanza, na kuna jambo lilimkera: wanachuo wake waliukimbia ukurasa wa Kiingereza kama ng'ombe anavyolikimbia josho. Hawakuwa wavivu. Shule iliwafundisha kukariri, haikuwafundisha kuuliza.

Aliyemtia wasiwasi zaidi ni Awuor, binti wa wavuvi wa Shirati. Ijumaa angerudia mtihani wa kusoma. Akifeli, anafukuzwa chuo.

Jumatatu Luhende aliwaonyesha video ya wanawake wanaoanika dagaa ziwani, kisha akawapa habari hiyohiyo kwa Kiingereza waisome. Awuor alijibu maswali yote bila kufunua karatasi, na akakosa yote. Aliandika dagaa huanikwa mchangani. Karatasi ilisema vichanjani, juu ya meza za miti na wavu.

"Kwetu ni mchangani, mwalimu."

"Nimekuuliza ya kwenu?"

"Sasa nisome nini, na nimeshaona?"

Swali hilo Luhende alikwenda nalo hadi nyumbani Pasiansi. Huenda yeye ndiye aliyekosea, akawashibisha kabla ya chakula.

Jumatano alileta video nyingine. Wingu zito linakuja, wanawake wanakimbia kuzoa dagaa wao. Mmoja amekaa tu, anawatazama. Hapo Luhende akaizima.

"Mbona hazoi?" Awuor akauliza.

"Wewe si mtu wa dagaa? Tuambie," mwanachuo mwenzake, Ngosha, akamchokoza.

"Nyamaza, Msukuma. Wewe kachunge ng'ombe."

Luhende aligawa karatasi. Awuor aliinama, kidole kikifuata mstari. Akafika mwisho, akarudi juu.

"Mwandishi anasema dagaa wabichi wakilundikwa wanaoza. Wa huyu aliyekaa wako kwenye kichanja cha wavu, maji yatachuruzika." Akakunja uso. "Lakini hasemi mvua ikikesha itakuwaje. Huyu mwandishi hajamaliza kazi."

Luhende akageukia ubao, asionekane anavyotabasamu. Kwa mara ya kwanza Awuor alikuwa anabishana na ukurasa.

Ijumaa, kwenye mtihani, hapakuwa na video. Habari ilihusu wachuma chai. Luhende, akisimamia, alimwona Awuor akisita katikati ya ukurasa, akirudi aya ya pili, akipiga mstari kwa penseli.

Matokeo yalipobandikwa, Awuor alikuwa amefaulu kwa alama tatu tu juu ya kiwango cha kufaulu.

"Chai sijawahi kuiona shambani, mwalimu," alisema. "Ilibidi nimsikilize mwandishi mwenyewe hadi mwisho."