Fundi simu wa Nyasubi na kipima hewa cha wachimbaji

Saa tatu asubuhi, moshi wa baruti iliyolipuliwa kwa ajili ya jaribio bado unafuka kutoka kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, la Thobias Masalu, nje kidogo ya Runzewe, wilayani Bukombe. Rhoda Ngasa amepiga magoti juu ya mbao zinazozunguka mdomo wa shimo hilo. Gauni lake, ambalo bila shaka lilipigwa pasi jana kwa ajili ya wageni, limeshika udongo mwekundu, lakini hana habari nalo.

Mkononi ana kifaa chenye ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mwili wake ni kipande cha bomba la maji la plastiki. Juu kuna kioo kidogo cha namba, taa moja na king'ora, na ubavuni kuna matundu membamba. Anayasogeza matundu hayo mdomoni na kuyapulizia pumzi. Taa ya kijani inawaka.

"Kimekubali," anamwambia Pantaleo, mchimbaji aliyesimama karibu na winchi.

Pantaleo anakifunga kwenye kamba. Pembeni yake kinafungwa kingine cha njano, kilichokuja na wakaguzi kutoka Dodoma. Hakuna mtu atakayeshuka. Vinashuka vifaa viwili peke yavyo, na wanaume ishirini na sita ambao hawajafanya kazi kwa miezi minne wanavisindikiza kwa macho.

Duara hili lilifungwa kwa sababu halikuwa na kipima hewa kinachofanya kazi. Cha Rhoda kilishaanguka jaribio la kwanza. Utaratibu unampa fundi majaribio mawili tu, na hili ni la pili. Kikianguka leo, duara litaendelea kufungwa na ombi la Rhoda litafutwa.

Rhoda ana miaka 34. Kwa miaka kumi na moja amekuwa fundi simu katika kata ya Nyasubi, mjini Kahama, akiwa na meza moja, mwavuli mmoja na pasi ya kuchomelea ambayo mpini wake umeshafungwa gundi mara tatu. Wateja humwita Mama Limi, kwa jina la binti yake. Elimu yake ni kidato cha nne.

"Kazi yangu mimi ni vioo, chaji na simu zilizotumbukia kwenye ndoo," anasema. "Siku nzuri naondoka na elfu ishirini na tano. Siku mbaya napata nauli ya bodaboda, namshukuru Mungu, naenda kulala."

Habari za hewa ya migodini zilimfuata mezani. Siku moja Mzee Thobias alifika na mfuko wenye vipima hewa viwili vya nje ya nchi, ambavyo mfadhili mmoja aliwagawia wachimbaji wa eneo lake miaka kadhaa iliyopita. Vilifanya kazi miaka miwili, kisha vikanyamaza.

"Nikamwambia shikamoo mzee, niachie mpaka jioni," Rhoda anakumbuka. "Nikavifungua nikidhani ni betri. Betri nzima. Nikapima kila kitu, kizima. Vilikuwa havijaharibika hata kidogo. Vilikuwa vimefungwa."

Kioo kilimtaka mwenye kifaa alipie leseni ya mwaka, kwa dola, tena kwa kadi ya benki. Bila hiyo, kifaa hakipimi. Rhoda alijaribu alichokijua na asichokijua, na jioni ikamkuta ameshindwa.

Mzee Thobias mpaka leo akilisimulia hilo sauti inapanda. "Kila siku kilikuwa kinatuma habari za duara langu huko kwao," anasema. "Kina, joto, hewa, vyote. Mtu wa ng'ambo anaviona, mimi mwenye shimo nimefungiwa mlango. Niambie, hicho ni changu au ni chao?"

Siku hizi kwenye makongamano ya Dodoma na Dar es Salaam kunazungumzwa sana kuhusu nchi kusimama kwa miguu yake katika teknolojia ya kidijitali. Ni maneno makubwa, na mengi huishia ukumbini pamoja na chupa tupu za maji. Kwenye meza ya Nyasubi maneno hayo yalikuwa na sura: vifaa viwili vizima, ndani ya mfuko, visivyo na kazi.

Vifaa viliponyamaza, wachimbaji wa Mzee Thobias walirudia mshumaa. Baada ya kulipua baruti husubiri, kisha huteremsha mshumaa uliowashwa kwa kamba. Ukizimika, hakuna anayeshuka. Ukiendelea kuwaka, watu wanafunga mikanda.

Ni njia ya siku nyingi, na imeokoa wengi mahali ambapo hewa imekwisha. Tatizo ni kwamba baruti na injini za pampu huacha pia gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na mshumaa huwaka ndani yake bila wasiwasi wowote.

Ndivyo alivyokufa Marcel, mdogo wake Pantaleo, katika duara jingine, mwaka juzi. Alikuwa na miaka 23.

"Mshumaa ulikuwa unawaka," anasema Pantaleo. "Mimi ndiye niliyeuteremsha. Nilimwambia dogo, shuka, kuko salama." Anaangalia kamba.

Rhoda alimfahamu Marcel. Alimbadilishia kioo cha simu wiki mbili kabla. Baada ya msiba alinunua kihisi kimoja cha gesi, kipande kidogo kama kifungo cha koti, akakiunganisha na betri ya simu na king'ora cha pikipiki. Cha kwanza kililia bila kukoma kila jirani yake mkaanga chipsi alipowasha jiko.

"Nilifurahi sana," anasema akicheka. "Yule kaka alitaka kuhama, mimi nashangilia."

Ilimchukua miezi tisa kufika kwenye kipande cha bomba. Kifaa hakidai leseni. Taarifa zake zinabaki kwenye kadi ndogo ambayo mwenye duara anaitunza mwenyewe. Kinauzwa shilingi laki moja na nusu, wakati cha nje kinapita milioni moja.

Hata hivyo, Rhoda hapendi kusifiwa kupita kiasi. "Nisikudanganye. Kihisi chenyewe kinatoka nje, mimi sijui kukitengeneza. Lakini kikichoka nakitoa, naweka kingine, dakika kumi. Simwombi mtu ruhusa."

Redio ndiyo iliyompa habari kwamba serikali imefungua mlango kwa mafundi wa ndani kupeleka vifaa vya kidijitali vikapimwe, na vitakavyofaulu vipewe nafasi ya kwanza katika migodi midogo. Alipanda basi kwenda Dodoma. "Nilidhani wataniuliza digrii. Wakaniuliza kifaa kiko wapi."

Aliyekipokea ni Mhandisi Mwamvua, mwanamke mtaratibu, mwenye miwani, ambaye hutabasamu kwa nadra na haombi radhi kwa hilo. "Tunataka vifaa hivi vitengenezwe hapa, vifunguliwe hapa, na taarifa zake zikae hapa," anasema. "Lakini siwezi kupitisha kitu kwa sababu tu kimetoka Kahama. Hewa ya sumu haina uzalendo."

Maabarani kilifaulu vizuri. Likabaki jaribio la mgodini, likapangwa kwenye duara la Mzee Thobias. Siku hiyo kifaa cha Rhoda kilikuwa kimeshakaa wiki nzima mikononi mwa Pantaleo, ili wachimbaji wakizoee.

Vikateremshwa viwili. Kufika mita thelathini, kile cha njano kikaanza kulia mpaka kikasikika juu. Cha Rhoda kikakaa kimya. Kikateremka mpaka chini kabisa, kikapandishwa, kimya vilevile, kioo chake kikisoma hewa safi.

"Nilitamani nami niteremshwe humo humo," Rhoda anasema.

Kilipotolewa kwenye kamba ndipo alipokiona sawasawa. Kilikuwa ndani ya kifuko cha nailoni, kimekazwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, safi, hakuna hata chembe ya vumbi iliyopita. Wala gesi haikupita.

Kila mchimbaji wa ukanda huu hufunga simu yake hivyo kabla ya kushuka, kwa sababu ya maji na vumbi. Hakuna anayefundishwa. Na pale Nyasubi, vifuko hivyo vinauzwa na nani? Vinauzwa na Rhoda. Vinaning'inia kwenye mwavuli wake.

"Fundi aliniambia, Pantaleo, kitunze," anasema Pantaleo. "Nikakitunza. Hata kulala nililala nacho. Ingekuwa siku ya kazi ningeshuka, maana kilikuwa kinasema kuko salama."

Mhandisi Mwamvua aliandika kwamba kifaa hakikufaulu. Wengine walimsihi, wakisema kosa ni la nailoni, si la fundi. Hakubadilisha hata neno. Miezi minne baadaye Rhoda mwenyewe anamtetea. "Alikuwa na haki. Mimi nawatengenezea simu hawa watu, nawajua. Kama nimetengeneza kitu na sikujua watakifunga nailoni, basi nimekitengeneza kwa ajili ya watu gani?"

Wengi walimshauri aandike onyo kubwa kwenye bomba: usifunge. Rhoda aliwauliza nani anasoma maandishi mita arobaini chini ya ardhi, akarudi mezani kwake.

Jibu alilipata kwa Limi, ambaye alikuwa akipumulia kioo cha dirisha la jirani na kuchora picha kwenye ukungu. Pumzi ya mtu ina unyevu. Rhoda aliweka kihisi kidogo cha unyevu nyuma ya matundu yaleyale yanayopitisha gesi. Sasa kifaa hakianzi kazi mpaka kipuliziwe. Kama kimefungwa, pumzi haiingii, taa ya kijani haiwaki, na mwendesha winchi hateremshi mtu. Huko chini kinadai kupuliziwa tena kila baada ya nusu saa, kisipopata kinapiga kelele.

Wachimbaji wamelipa tendo hilo jina lao. Wanasema wanakisalimia. Mzee mmoja hukipulizia, kisha hukiambia "mwangaluka", kama anavyomwamkia jirani asubuhi, na husubiri taa kwa heshima zote.

Sasa winchi inazunguka na kamba inashuka. Mita kumi. Ishirini. Rhoda ameshika ubao kwa mikono miwili. Kufika mita thelathini, kifaa cha njano kinalia.

Cha Rhoda kimya.

Mhandisi Mwamvua anaangalia saa yake. Pantaleo amefumba macho. Sekunde moja, mbili, tano. Katika sekunde ya kumi na moja king'ora cha pikipiki kinapasua shimo, na wanaume ishirini na sita wanapumua kwa pamoja.

Kikomo cha kuchelewa ni sekunde thelathini. Lakini mhandisi hajamaliza. Kifaa kikishatoka na kupoa, anafungua mkoba wake, anatoa kifuko cha nailoni, kipya, na mpira. Anakizima kifaa na kukifunga mwenyewe, kwa utaratibu, vizuri kuliko hata Pantaleo. Anamkabidhi.

"Salimia."

Pantaleo anapuliza. Hakuna taa. Anapuliza tena mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hakuna taa. Mhandisi anaondoa nailoni, anafunga kitambaa kilicholowa matope. Hakuna taa. Anaondoa kitambaa, anaziba nusu ya matundu kwa kidole gumba, na safari hii taa ya kijani inawaka, ingawa hewa inapita nusu tu.

Rhoda anafunga macho.

"Hilo utalirekebisha," anasema Mhandisi Mwamvua, akiandika. "Weka matundu pande mbili. Naruhusu maduara thelathini kwa miezi sita, hili la kwanza, kila kifaa kiwe na marekebisho hayo. Hili nitalikagua mwenyewe Jumatatu kabla ya mtu kushuka." Kisha anaongeza, bila kuinua kichwa, "Umefanya kazi nzuri, Mama Limi."

Mzee Thobias anamshika Rhoda mikono yote miwili. "Wabeja sana, ng'wanawane," anamshukuru kwa Kisukuma, kama baba kwa bintiye. Wanaume wanacheka, wengine wanafuta nyuso kwa mashati. Mwandishi hakuona aibu kufuta wake.

Hakuna aliyeshuka siku hiyo. Walikunywa chai kwa mama ntilie, wakazungumza habari za Jumatatu.

Rhoda ana kazi kubwa mbele. Anatakiwa kuunda vipima thelathini, na pasi yake ya kuchomelea haitavumilia. Amepanga kuongeza meza mbili pale Nyasubi na kuwachukua mafundi simu wawili, Vumilia na Serafina, ambao kwa sasa wanachuma riziki kwa kubandika vioo. Michoro yote ataipeleka kwa mafundi wa Runzewe, Geita na Chato, bure, wakitaka kutengeneza watengeneze.

Mwandishi alimuuliza kama haogopi kuibiwa ubunifu wake. Alikung'uta udongo kwenye gauni.

"Nataka siku moja kilie huko Chato kwenye duara nisilolijua," alisema. "Watu wapande juu wote, wakae kwenye jua wakinung'unika kwamba kimewapotezea siku ya kazi. Wakitukane hata. Halafu jioni warudi nyumbani, wake zao wawaulize kulikoni leo, wajibu, hakuna kitu."