Seli Ambazo Mzee Hakuwekewa

Wiki iliyopita, kwenye chumba cha kusubiri cha hospitali moja hapa Minneapolis, nilikaa jirani na mzee wa Kitanzania na mkewe. Tulisalimiana, na mama akanieleza yaliyowapata.

Mzee ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Mwaka jana alikubali kuingia kwenye majaribio ya kupandikiza seli mpya ubongoni. Wagonjwa wote walitobolewa fuvu, lakini baadhi hawakuwekewa kitu, ili madaktari wapate kulinganisha. Nani kawekewa na nani hakuwekewa ilikuwa siri mpaka asubuhi hiyo. Walikuwa wametoka kuambiwa kwamba mzee hakuwekewa.

“Lakini ulipata nafuu, baba,” mama alimgeukia. “Ulirudi kuendesha gari. Krismasi ulikata keki mwenyewe, wajukuu wakapiga makofi.”

“Nilidhani ninazo.”

“Basi endelea kudhani.”

Mzee akatabasamu kidogo, kama mtu anayemhurumia mwenzake. “Nitadhani vipi, mama, na wewe umesikia?”

Mama aliushika mkono wa mumewe, ambao ulikuwa umeanza kucheza juu ya goti, akaukandamiza kwa mikono yake yote miwili. Haukutulia.

Miaka yote nimetumia safu hii kudai tuambiwe ukweli kila tunapokwenda kuhudumiwa. Wale wazee waliambiwa ukweli wote, kwa upole, kama walivyoahidiwa. Nami nilikaa pale nikitamani daktari angenyamaza.