Chuma Katika Paja la Mshona Kofia

Tulikuwapo wanne chumbani mwa daktari: daktari mwenyewe, aliyekuwa Mhindi mpole; jirani yangu mshona kofia wa mtaa wa Kuze; mkewe, ndani ya buibui; na mimi niliyewasindikiza. Mwaka jana mshona kofia alivunjika paja, akaungwa mfupa kwa bamba la chuma. Sasa paja lilikuwa limeota uvimbe mgumu, naye alihofia kukatwa mguu.

"Daktari mwanangu," akasema mke, "chuma hiki ni mgeni. Nimekifukiza udi siku saba, kipate kuzoeana na mwili."

Daktari aliubonyeza uvimbe kwa kidole gumba, polepole. "Hakuna usaha, mama. Mguu haukatwi. Mwili haukipendi chuma hiki, lakini haukukifukuza. Umekizungushia ukuta wa nyama, ukakiacha humo."

Mke akamgeukia mumewe. "Kama nilivyokufanyia wewe, miaka thelathini."

Mshona kofia alicheka hata kofia ikamwanguka.

Nilidhani ustahimilivu huo ni wa wanandoa tu. Kumbe hata nyama inao.

Jumanne iliyopita mshona kofia alilibeba jeneza hadi makaburini, kwa mguu uleule. Mkewe alikuwa amefariki.