Nyumba Aliyokuwa Akiiuza Belarmino

Mahakama ilipomteua Belarmino Nahuelquín kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yake, jambo la kwanza alilofanya ni kununua mkoba. Mkoba wa ngozi, jamani! Mtu aliyeishi miaka hamsini na tisa akibeba kila kitu kwenye gunia la viazi. Akawa anakwenda nao hadi zizini. Mimi jirani yake nikimsalimu, ananijibu, "Samahani Bi Zunilda, nina shughuli za marehemu."

Shughuli yenyewe ilikuwa moja tu: kuuza kiwanja na nyumba, kila mrithi apate fungu lake. Kikwazo kilikuwa dada yake, Edulia. Yeye ndiye aliyebaki na wazazi, akawauguza na kuwazika, na bado alikuwa anaishi mle ndani.

"Kiwanja uza," alimwambia mbele yangu. "Nyumba niachie. Nitalala wapi mie, kwenye mkoba wako?"

"Hati inasema kiwanja na kilicho juu yake. Mimi ni msimamizi, Edulia, si kaka yako."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

Hasira zilinipanda, sifichi. Nikamwambia Edulia kona ya shamba langu iko wazi, ailete nyumba. Hapa kisiwani Chiloé nyumba zetu ni za mbao. Mtu akihama nayo, zinalazwa juu ya magogo, zinafungwa minyororo, maksai wanavuta na majirani wanasukuma. Ndiyo minga, msaragambo wetu. Mwenye shida huenda kuomba mwenyewe, na anayeombwa hakatai. Ukikataa, utachimba viazi vyako peke yako mpaka uingie kaburini.

Na maksai wenye nguvu kuliko wote walikuwa wa nani? Wa Belarmino. Alikuwa amewapa majina Mbunge na Seneta.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Edulia akamsimamisha kaka yake mlangoni, mkononi kuku wa kuombea; ukimpokea, umekubali. "Kaka Belarmino, nahamisha nyumba Jumamosi. Nimekuja kukuomba minga."

Watu wote wakageuka. Belarmino akababaika. "Jumamosi ndiyo mnunuzi anakuja kutia saini!"

"Basi tuanze mapema."

"Mwombe mtu mwingine, we mwanamke!"

"Nimeomba kijiji kizima. Umebaki wewe."

Akamtazama padri, padri akamtazama kuku. Belarmino akampokea yule kuku.

Jumamosi akaja kweli, kamba ya maksai mkono huu, mkoba mkono ule. Alivuta kwa kutegea, nilimwona. Nyumba ilipofika bondeni ikazama kwenye tope, na jozi nyingine nne za maksai zikasalimu amri. Kama watu wangenyamaza tu hapo, nyumba ingebaki palepale, na Belarmino angeiuza. Lakini jirani yetu mzee Barría hana breki mdomoni. "Hao maksai wa msimamizi wanajua kuvuta karatasi tu!"

Lo! Mkoba ukaruka topeni. "Mbunge, vuta! Seneta, mvivu wee, vuta!" Belarmino akatia na bega lake mwenyewe. Nyumba ikachomoka, ikapanda kilima, mapazia yakipepea dirishani, nasi tunapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka.

Tulikuwa shambani kwangu tunakula alipotokea mnunuzi, Bwana Klenner wa Puerto Montt, ameshika viatu mkononi kwa sababu ya matope. Belarmino akainuka na sahani yake, akaanza kujieleza: eti aliombwa, eti bei watazungumza, eti amsamehe.

"Mbona unajisumbua, bwana?" Klenner akasema. "Mimi nataka kiwanja. Mmenipunguzia kazi. Nilishaagiza tingatinga lije Jumatatu kuibomoa hiyo nyumba."

Belarmino akakaa kwenye ngazi ya mlango. 

"Edulia," akasema, "bwana huyu alikuja kuiona mara tatu. Mara tatu, na sikumuuliza ataifanyia nini nyumba ya mama."

Edulia akamwongezea viazi na nyama. "Kula, kaka," akamwambia. Ndipo Belarmino akaangua kilio mbele yetu sote, kinywa kimejaa.