Sahani ya Mmarekani, Bendera ya Mwingereza

Mama aliniita chumbani kwake akanambia nifunge mlango. Kitandani ameweka redio-kaseti yangu ya skuli, na mkononi anayo kaseti moja ameizonga kipande cha leso.

"Wapelekee wajomba zako," alinambia. "Lakini waisikilize pamoja, chumba kimoja. Wakikataa, nirejeshee kaseti yangu. Upande wa pili ni wao, wanijibu."

Nikamuuliza amesema nini humo ndani.

"Ningetaka uyajue ningekwambia wewe. Funga mzigo."

Ndivyo alivyokuwa mama yangu. Sisi wa Unguja na jamaa zetu wa Oman tulizoea kuandikiana kwa sauti namna hiyo, upande mmoja wewe, upande wa pili mwenzio. Hata simu zilipoenea yeye hakuzitaka. Alisema simu humkata mtu maneno katikati. Daktari alikwisha kutwambia siku zake ni chache. Ndugu zake wawili walikuwa hawajasemezana karibu miaka arubaini, na wote wako Oman, mmoja Ibra na mmoja Nizwa. Nikaomba ruhusa skuli ninakosomesha, nikapanda ndege. Nilikuwa na siku kumi tu, na sikuwa na hakika kama mama naye anazo.

Uwanja wa ndege Maskati alinipokea binamu yangu Rayya, binti wa Mjomba Salum, mtoto wa kwanza kuzaliwa huko. Kiswahili chake kina haraka. "Dada, mzigo yako hii tu? Mdogo hii! Yalla, gari ile nyeupe." Mbele ya usukani amebandika kidude chenye ramani, kinamwambia pinda hapa, nyoosha pale. "Zawadi ya baba," alinambia. "Inaongea na setilaiti ya Amerika. Baba hataki mtu aendeshe bila hii, hata dukani."

Njia ya Ibra hupita baina ya milima isiyo na jani, ya rangi ya chungu kilichoungua. Mimi nimezoea kijani, nikaona kama nchi imevuliwa nguo. Kila nikimuuliza Rayya habari za Mjomba Khalfan wa Nizwa hunijibu, "Huyo hatumtaji nyumbani."

Ibra tulifika adhuhuri. Mjomba Salum alitoka mlangoni na bakora yake, mwembamba, macho yale yale ya mama. "Shikamoo Mjomba." "Marahaba mwanangu, marahaba, karibu kwenu." Akanishika kichwa akalia kidogo, tukaingia sabla, chumba chao cha wageni. Zikaletwa tende na kahawa, na kabla sijashika kikombe akaniuliza, "Ulumu?"

Nilijua maana yake ni habari. Basi mimi na ulimi wangu nikamwaga yote: "Habari mbaya, Mjomba. Mama yu taabani, madaktari wamekata tamaa." Jirani mmoja aliyekuja kunisalimu akainamisha kichwa, na mkewe Mjomba akasimama akatoka.

"Hukufanya kosa, hukufunzwa," Mjomba alinambia taratibu. "Hapa ukiulizwa ulumu unajibu: ma shay ulumu, hakuna habari, kheri. Hata nyumba ikiwa inaungua. Mtu anywe kahawa kwanza, moyo ukae mahala pake. Kikombe kikiwekwa chini ndipo unasema." Nikaona haya, mwalimu mzima.

Baada ya Asri alinipandisha darini kunionyesha sahani yake ya setilaiti, kubwa kuliko zote mtaani. Akaipangusa vumbi kwa kanzu yake. Hapo ndipo alipoanza kunihadithia. Ujana wake alifanya kazi Unguja, kwenye kituo cha Wamarekani kule shamba, walikokuwa wakisikiliza chombo chao kinachozunguka dunia kina mtu ndani. Yeye alikuwa msaidizi wa mafundi. "Mtu yuko juu mbinguni, mwanangu, na mimi Salum nimevaa vidude masikioni nasikia anavyopumua! Nikamwita baba aje asikie. Khalfan akamzuia."

"Kwa nini?"

"Kwa kiburi cha Waingereza. Yeye karani wao kwenye mtambo wa umeme. Mabwana wake walinuna tangu Wamarekani walipokuja na jenereta zao wenyewe. Marafiki hao, lakini kila mmoja anataka taa yake ionekane. Na sisi nyumbani tukawa hivyo hivyo. Mezani Khalfan huniambia, wewe na sahani yako ya kuombea redio. Namwambia, na wewe na bendera yako ya kukodi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Siku za Mapinduzi baba alitupakia sisi wawili melini kwenda Mombasa. Mama yako alikuwa mke wa mtu, mumewe baharia, atabaki kwa kina mumewe. Baba tukamshika mkono, panda. Akasema tangulieni, nakuja. Hakupanda, kwa sababu Khalfan alikwisha kumjaza maneno: manowari ya Mwingereza itakuja, haiwezi kutuacha. Manowari gani? Walishusha bendera yao Disemba, Januari hawakuonekana. Siku ya tatu baba akauawa."

Babu yangu namjua kwa picha moja tu. Nilipomwambia habari ya kaseti alitikisa kichwa. "Mimi niko tayari. Mwulize mkubwa wangu."

Siku ya tatu asubuhi Rayya alinichukua Nizwa kwa njia ya Sinaw. Tulipita soko la mbuzi na ngamia, tukatokea Birkat al Mauz, ambako migomba ilinitoa machozi ghafla, kwa sababu tangu nifike sikuwa nimeona jani pana. Rayya alisimamisha gari akanunua ndizi, akanipa. Hapo nilimpenda.

Alinishusha mbali kidogo na nyumba ya Mjomba Khalfan, ili gari ya baba yake isionekane. Nyumba ina bustani ndogo inayopata maji ya falaji, yale ya mfereji yanayogawiwa kwa zamu. Mjomba Khalfan nilimkuta barazani, mnene, miwani mizito, Kiswahili chake kile cha mjini cha zamani kisichokanyaga hata silabi.

"Marahaba bibi. Ulumu?"

"Ma shay ulumu, Mjomba. Kheri."

Akafurahi mno. "Mashaallah! Nani aliyekufunza?"

Ala! Nilishajitia kitanzi mwenyewe. Nikamwambia kweli: Mjomba Salum, Ibra.

Kikombe alichokuwa akinipa akakirejesha juu ya sinia. "Umeanzia kwa mdogo. Damu ya dada yangu inaingia Oman, inakula kwanza kwa mdogo, kisha mimi naletewa makombo." Kwetu pia mkubwa huanziwa, nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, nilifuata gari tu, sikufikiri. Niliomba radhi, nikambusu mkono. Hakunitazama.

Mchana kutwa aliniacha nakaa na televisheni. Katika taarifa walisema nchi za Ulaya zinataka kurusha setilaiti zao za kuonyesha njia, zisitegemee za Amerika, na Wamarekani hawakufurahi. Mjomba Khalfan akapiga goti kwa kofi. "Umesikia? Mwingereza yumo humo! Sasa kamwambie yule wa Ibra kidude chake kitazimwa." Mzee wa miaka sabini, wallahi, alifurahi kama timu yake imefunga bao.

Uvumilivu ukanishinda. "Mjomba," nilimwambia, "hao Waingereza na Wamarekani hivi sasa wako vitani Iraki pamoja, wanakula sinia moja. Wao wameshapatana mara mia. Wewe nduguyo humtaji jina. Mama yangu anakufa, na anachotaka ni sauti zenu mbili kwenye kaseti moja. Hicho tu!"

Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani.

"Unadhani mimi nagombea Waingereza? Hao waliniacha kama walivyomwacha kila mtu. Mimi namgombea baba. Salum alimwambia: kituo chetu kina watu wazito, Amerika haitakubali waguswe, wewe kaa. Baba akakaa. Wamarekani wakafungasha sahani yao wakaondoka. Mimi nilimwita Salum muuaji, mbele ya watu, siku ya harusi yake. Neno hilo nalirudishaje?"

Nikaelewa kuwa wote wawili wamebeba mashtaka yale yale, kila mmoja kaelekeza kwa mwenziwe. Nikawa namsikitikia na kumkasirikia kwa pamoja.

Ikaadhiniwa Magharibi. Akisimama kwenda msikitini alinambia, "Ibra siendi. Na hapa yeye haingii. Sur iko nyumba ya baba, alikozaliwa. Haina mwenyewe. Alkhamisi."

Nilirejea Ibra, na Alkhamisi mimi, Mjomba Salum na Rayya tulitoka alfajiri, tukapita Al Qabil na mitende yake, kisha jangwa mkono wa kulia, mpaka upepo ukaanza kunuka chumvi. Mjomba Salum alikizima kidude cha ramani kwa mkono wake. "Njia hii naijua," alisema.

Nyumba ya babu ni kuta tatu na nusu ya dari. Mjomba Khalfan alikwisha kufika kwa teksi, amesimama uani na mkoba wake wa dawa. Hawakupeana mkono. Rayya alitandika mkeka, akaweka tende na chupa ya kahawa, kisha tukatambua jambo: hapana mwenyeji. Mwenye nyumba ndiye hukaribisha na ndiye huuliza. Tukawa tumesimama sote kama tuliokosea mlango.

Mjomba Salum ndiye aliyeinama. Alichukua chupa mkono wa kushoto, kikombe wa kulia, akamimina, akampelekea mkubwa wake, akabaki wima mbele yake kama desturi ya mdogo. Mjomba Khalfan akanywa. Kwao ukitosheka unatikisa kikombe, yeye hakutikisa. Akamiminiwa cha pili, akanywa. Cha tatu Mjomba Salum alikijaza mpaka kahawa ikamwagika mkekani. Hapo Mjomba Khalfan akatikisa kikombe, akakiweka chini.

"Ulumu, Salum?"

"Ma shay ulumu, ndugu yangu."

"Keti basi."

Nikabonyeza redio-kaseti. Sauti ya mama ikatoka, na kikohozi chake.

"Khalfan, Salum. Nasikia mpaka leo mnagombana nani alimwambia baba abaki. Hapana kati yenu. Baba hakubaki kwa Mwingereza wala kwa Mmarekani. Alibaki kwangu. Nilikuwa na mimba changa, damu zinanitoka, na mbili zilikwisha kuporomoka kabla ya ile. Mkunga alinambia nisinyanyuke kitandani. Mume yuko baharini. Nyinyi wanaume, niliona haya kukwambieni. Nilimwambia baba peke yake, nikamshika kanzu, nikalia, usiniache. Akasema sikuachi. Mimi ndiye niliyemweka. Miaka yote hii nimewaacha mkitupiana maiti ya baba kwa sababu niliogopa mtanichukia mimi. Nisameheni. Na mimba yenyewe ndiyo huyo aliyekuleteeni kaseti. Msimchukie."

Nilitaka kuizima redio-kaseti, sikuizima. Basi ni mimi. Mtu alikufa ili mimi nizaliwe, na nimekula, nimecheka, nimewapigia kelele wanafunzi miaka yote, sijui.

Mjomba Khalfan akanifunulia mikono, yule yule wa makombo, akanivutia kifuani. "Baba alikuwa na akili," alinambia. "Alichagua vizuri." Mjomba Salum alikuwa amejifunika uso kwa kilemba, mabega yanacheza. Mkubwa wake akanyoosha mkono akamshika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

Tukageuza kaseti. Walirekodi pale pale, wakikatizana kama watoto. "Dada, hukumuua mtu," alianza mkubwa. "Sogea, nami niseme," mdogo akadakia. Mwishowe walisahau kama inarekodi, wakawa wanabishana ni mlango upi baba alisema amezaliwa nyuma yake. Nikaiacha iende mpaka ikakatika yenyewe.

Jumamosi nilipanda ndege na kaseti nimeizonga kwa leso ile ile. Nilitua Unguja Asri. Kaka wa jirani alinipokea uwanjani na hakunipokea mkoba, alinishika mkono. Mama alifariki alfajiri, wakamzika adhuhuri. Walisema hakuacha kuuliza ndege imefika wapi.

Wasomaji mtaniuliza nilijifunza nini. Wazee wetu wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Zile nchi mbili ni ndugu. Zilishindana taa na sahani, zikanuniana, zikapatana, hazina habari. Sisi tulioingia baina yao tukarithi kununa tu. Mama naye alisema daima, nguo ya kuazima haisitiri matako. Nilidhani anatania.

Usiku wa tanga nilikaa kitandani kwake nikaisikiliza kaseti upande wa pili, mpaka ule ubishi wa mlango. Asubuhi nikapiga simu Nizwa.

Ilipokelewa na Mjomba Khalfan. Nyuma yake nikasikia sauti nyengine, "Ndiye yeye? Mwulize dada kaisikia?" Mjomba Salum alikuwa Nizwa, ndani ya nyumba ile.

"Ulumu, mwanangu?"

"Ma shay ulumu, Mjomba," nilimjibu. "Kheri. Ketini kwanza, nyote wawili. Mdogo amimine kahawa."

Nikasikia kahawa ikimiminwa. Nikangoja mpaka nikasikia kikombe kinawekwa chini, kisha cha pili, ndipo nikawaambia.