Nilivyopima Modemu kwa Mkono

Mwaka 1979, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki nikaachia shule darasa la nne. Tangu hapo mwalimu wangu ni mkono. Kariakoo nzima wananijua: bidhaa nzito nanunua, nyepesi naiita feki. Pasi, redio, betri, sikuwahi kukosea, na nilijisifu sana.

Juzijuzi kampuni ndogo ya intaneti ya kebo ilitaka niiletee modemu mia nne. Muuzaji wa jumla akanionyesha aina mbili, nikazifungua. Nyepesi ilikuwa na chipu moja tu. Nzito ilijaa chipu.

"Unaniuzia boksi tupu?" nikamfokea. Ili nipate pesa ya mzigo, nikauza nyumba niliyojenga na mke wangu Buguruni, nikabeba nzito zote.

Fundi wa ile kampuni, binti wa Kichaga, akaja dukani kwangu kuzikagua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nyanyua mwenyewe, mwanangu. Hiyo ndiyo mali!"

Akaifungua, akatoa pande la bati.

"Mzee, uzito wote ni hili bati la kupoozea joto. Hizi ni za zamani, kila kazi na chipu yake, zinachemka na kula umeme. Wahandisi wamehangaika miaka kuziunganisha ziwe chipu moja, ndiyo bei ikashuka. Mtambo wetu hata hauzitambui hizi."

"Nyepesi je?"

"Ndizo tulizotaka."

Jirani muuza vitenge akaangua kicheko. "Mzee kanunua bati!"

Leo nina modemu mia nne, meza, kiti kimoja, na mke asiyenisemesha.